Dvořák wa shilingi 500

Mjomba wangu hakuiamini redio yoyote mpaka aisikie ikinong'ona. Kupiga kelele, alikuwa akisema, kila spika inaweza. Hata iliyochanika karatasi itapiga kelele na wapita njia watacheza. Spika hujulikana sauti inapokuwa ndogo. Alikuwa fundi redio Ngamiani, Tanga, kwenye kibanda kilichopakana na duka la nafaka, na mwisho wa 2006, nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne na kubaki nikisubiri matokeo, mama alinipeleka kwake nijifunze kazi badala ya kushinda nyumbani.

Nilianzia kwenye pamba na spiriti. Redio za CD zilikuwa zimejaa mjini wakati ule, nyingi za mitumba, na maradhi yao makubwa yalikuwa lenzi kushika vumbi. CD inazunguka lakini haisomi, au inasoma na kuruka. Unafungua mfuniko, unakitafuta kile kijicho cha bluu, unakipangusa kwa pamba iliyolowa kidogo tu, bila kukandamiza, maana kimeshikiliwa na nyaya nyembamba mno. Ukimaliza unaweka CD ya majaribio.

Hizo CD za majaribio ndizo zilizomkera Mjomba. Zote tulizokuwa nazo zilikuwa za kuchoma: bongo fleva, taarab za kisasa, kaswida. Muziki wenyewe haukuwa na ubaya, ila ulirekodiwa kwa sauti ya juu tangu mwanzo mpaka mwisho. Ukiweka CD ya namna hiyo huwezi kujua kama amplifaya ina mvumo, kwa sababu hakuna mahali muziki unaponyamaza ukausikia huo mvumo.

"Nitafutie kitu chenye kimya ndani," aliniambia, akanipa noti ya shilingi 1,000.

Karibu na soko la Mgandini alikuwapo kijana aliyetandaza turubai akiuza vikorokoro vya umeme: rimoti zisizo na televisheni, chaja, nyaya, na boksi la CD zilizokuja na mitumba. Wateja wa boksi lile walikuwa madereva waliotaka CD ya kuning'iniza kwenye kioo cha gari, na wakulima waliotaka za kutundika shambani zimetemete na kufukuza ndege. Hakuna aliyeuliza ndani mna nini. Nikachuchumaa nikaanza kupekua. Mlikuwa na CD za programu za kompyuta zilizopitwa na wakati, kozi ya Kifaransa, nyimbo za Krismasi za Kijerumani. Chini kabisa nikakuta kasha lenye kava jeupe na mchoro katikati, plastiki yake imepasuka pembeni. Nikalifungua. CD yenyewe ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo. Iliandikwa Naxos, kisha Dvořák, simfonia namba 9, ile iitwayo Kutoka Ulimwengu Mpya. Wapigaji walikuwa okestra ya Slovak Philharmonic ya mji wa Bratislava, wakiongozwa na mtu anayeitwa Stephen Gunzenhauser. Hapakuwa na jina hata moja nililowahi kulisikia. Kijana akataka shilingi 500, nikampa, chenji nikamrudishia Mjomba.

Mjomba aliiweka kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza, akabonyeza. Kimya. Akaongeza sauti. Bado kimya. Akainama, sikio karibu na spika, na hapo ndipo tulipozisikia: selo, zile fidla kubwa za sauti nzito, chini kwa chini, zikishuka taratibu, pembe ya shaba ikaita mara moja, filimbi zikapokea. Mjomba alikuwa amefumba macho, anautafuta mvumo. Mara fidla zote na ngoma kubwa zikaanguka kwa pamoja, na bisibisi zilizokuwa mezani zikatikisika. Mwenye duka la nafaka akaja kuchungulia. Mjomba akawahi kupunguza sauti, akairudisha mwanzo, akasikiliza tena pale penye selo.

"Hii ndiyo," akasema. "Hii usimwazime mtu."

Tangu siku hiyo kila redio iliyotoka mikononi mwake ilipita kwa Dvořák kwanza. Mjomba aliigawa simfonia ile kwa mahitaji ya kazi. Selo za mwanzo zilikuwa za kupimia mvumo. Sehemu ya tatu, ile ya mwendo wa kasi, ina kipembetatu cha chuma kinacholia juu ya okestra nzima. Hicho kilikuwa cha spika ndogo, kikisikika kama bati ujue spika imekwisha. Na mwisho wa sehemu ya pili, iitwayo Largo, mna sauti ya besi za fidla peke yake, zimegawanywa makundi, zinapiga polepole na kwa upole kiasi kwamba redio nyingi hazitoi kitu. Hapo ndipo alipopimia spika kubwa. Kwa hiyo niliujua mwisho wa Largo kabla sijaujua mwanzo wake, na nilikijua kipembetatu kabla sijajua kwamba simfonia ina sehemu nne. Lakini kuna saa za mchana, jua likiwa kali na wateja hamna, nilipokuwa nikiiacha iendelee yenyewe. Polepole vipande vile vikaanza kuungana. Nikagundua kwamba wito wa pembe wa sehemu ya kwanza unarudi katika sehemu zote zinazofuata, umefichwa hapa, umepanda juu pale, na kila niliponasa mahali pengine uliporudi nilifurahi peke yangu pale kwenye benchi.

Mteja aliyebadilisha mambo alikuwa mwalimu mstaafu wa kwaya ya Kilutheri, mzee mrefu aliyekulia Lushoto, ambaye watu wote walimwita Mwalimu tu. Alileta redio kaseti yake; mkanda wa mpira ndani ulikuwa umelegea na kanda zikawa zinaimba kwa uvivu. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi. Mjomba alikuwa akijaribu spika, na Largo ilikuwa inaanza. Mwalimu akainua kichwa.

"Nani kawapa Dvořák hapa?"

Hakuna mtu Ngamiani aliyewahi kulitamka jina lile mbele yetu. Mjomba akamwonyesha kasha. Mwalimu akalichukua, akavaa miwani, akaligeuza huku na huku, na uso wake ukapoa. Alisema alipokwenda Ujerumani na kwaya aliziona CD za kava jeupe kama lile zikiuzwa kwa bei ya chini kabisa, na wenyeji wake wakamwambia ni za watu wasiojua. Yeye alinunua kanda ya kampuni kubwa, kwa fedha nzuri: Herbert von Karajan akiiongoza Vienna Philharmonic, ilirekodiwa 1985. Akaitoa kwenye mfuko wa shati. Alikuwa nayo pale pale, maana alitaka redio ijaribiwe kwa kanda hiyo na si nyingine.

"Rahisi huvunja upishi, Fundi," akasema, akaturudishia kasha.

Mjomba hakubishana na wateja. Alisema tu kwamba mkanda mpya wa mpira utafika kesho kutwa, na Mwalimu akitaka, siku hiyo jioni wazisikilize zote mbili kwenye spika moja.

Ule ulikuwa mwaka wa mgao. Mvua zilikuwa chache, mabwawa ya kuzalisha umeme yamekauka, na mji ulikuwa ukiwaka kwa zamu, mtaa huu leo, ule kesho. Jioni ile zamu ya giza ilikuwa yetu. Mjomba hakujali. Redio yetu ya CD ilitumia betri 8 kubwa, ambazo jumla yake ni volti 12, na volti 12 ndizo zilizomo kwenye betri ya gari. Ya Mwalimu nayo ilikuwa hivyo hivyo. Akachukua betri iliyochajiwa, akatoa waya kwenye tundu la hedifoni la kila redio, akazipeleka kwenye amplifaya moja ya gari na jozi moja ya spika. Akaweka swichi katikati. "Sasa hakuna wa kusema spika yangu mbaya," akasema. Taa ya chemli juu ya meza, mlango wazi kwa ajili ya joto, na barabarani watu wakipita na tochi.

Kanda ilianza. Nataka kusema haki: ilikuwa nzuri sana. Fidla za Vienna zilikuwa pana na laini, na Mjomba, aliyekulia kwenye taarab ya Black Star na Lucky Star enzi za Shakila, alitikisa kichwa kwa zile fidla kama anayewajua wapigaji. Lakini kanda ilikuwa imezeeka. Noti za juu zilikuwa zimefifia, na penye kimya ulisikika upepo wa kanda wenyewe. Mwalimu alilisema hilo kabla yetu. "Tusiihukumu kwa uwazi wa sauti. Kanda na CD si saizi moja. Tuhukumu upigaji." Nilimheshimu kwa hilo. Angeweza kuutumia uchakavu wa kanda kama kinga ya hoja yake, na hakufanya hivyo.

Wakati wa kugeuza kanda alituhadithia. Dvořák alikuwa Mcheki wa kijijini, alizaliwa 1841, baba yake mchinjaji na mwenye nyumba ya wageni. 1892 akaenda New York kuongoza konsevatori iliyoanzishwa na mama mmoja, Jeannette Thurber, kwa mshahara wa dola 15,000 kwa mwaka, na chuo hicho kilipokea wanafunzi weusi wakati vyuo vingi Marekani viliwafungia mlango. Mmoja wao alikuwa kijana Mweusi aitwaye Harry Burleigh, ambaye babu yake alikuwa mtumwa. Burleigh alikuwa akienda kwa Dvořák na kumwimbia nyimbo za dini za watumwa, alizozipokea kwa huyo babu, na Dvořák akasema waziwazi kwenye gazeti, 1893, kwamba muziki wa Marekani wa baadaye lazima ujengwe juu ya nyimbo hizo. Mwaka huo huo akaandika simfonia hii, ikapigwa kwa mara ya kwanza Carnegie Hall mwezi Desemba. Mwalimu alilitaja jina la Burleigh taratibu, mara mbili, akahakikisha nimelishika. Nimelishika mpaka leo.

Kisha Mjomba akageuza swichi, akaweka ya kwetu.

Sehemu ya kwanza ilipita bila mtu kusema neno. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, naona aibu kidogo kwa niaba ya CD yangu, kama mtu aliyemleta mgeni kwenye karamu ya wakubwa. Mwalimu alikuwa ameinamisha uso, mikono juu ya magoti.

Largo ikaanza. Inaanza na matarumbeta, polepole, kodi saba tu, kama wapiga gitaa wanavyoziita. Sehemu ya kwanza imeishia kwenye ufunguo wa E, yaani noti ambayo muziki wake unaifanya nyumbani. Hizi kodi saba zinautoa muziki kwenye E na kuupeleka mpaka D-flati, mbali kabisa, kwa hatua chache hivyo, na zikifika ni kama umehamishwa nchi. Kwenye kodi ya tatu Mwalimu akainua mkono. Kodi zikaisha, fidla zikatandaza chini, na yeye bado mkono uko juu.

"Rudisha," akasema.

Mjomba akarudisha. Kodi saba. "Rudisha tena, Fundi. Ongeza kidogo."

Safari hii akatueleza. Alipokuwa kijana Lushoto alipiga matarumbeta kanisani, na lake lilikuwa lile kubwa la besi, tuba, linalokaa mapajani na kutazama dari. Katika simfonia hii nzima, ya dakika 40 na ushei, mpiga tuba ana noti 14 tu, na zote zimo ndani ya Largo, kwenye kodi hizi na zinaporudi mbeleni. Kwingine kote anakaa na ala yake akisikiliza wenzake. Hata hizo 14, tuba inapiga noti zile zile za tromboni ya besi, kwa hiyo ni rahisi kumezwa. Kwa miaka yote aliyoisikiliza kanda yake, Mwalimu alikuwa akimtafuta yule mtu. Alijua yupo, alisoma kwamba yupo, ila hakuwahi kumsikia.

"Huyu hapa," akasema. "Huyu hapa chini. Mnamsikia? Anapumua kabla ya kodi ya tano."

Mjomba akainama kwenye spika kwa namna yake ile ya kutafuta mvumo. Nikainama na mimi. Chini ya tromboni kulikuwa na kitu cha duara, kizito, chenye upole, kinachobeba wengine bila kujitokeza. Nilikuwa nimekisikia kila siku kwa wiki kadhaa nikidhani ni spika. Mwalimu aliomba irudishwe tena, na tena, na kila mara alikuwa akiipiga noti ile kwa midomo iliyofungwa.

Tulipoiacha iendelee ikaingia ala inayobeba wimbo mkuu, cor anglais, na Mjomba akauliza kama huyo ni mtu wa zumari. Mwalimu akasema hajakosea: ni wa ukoo mmoja na zumari za ngoma zetu za pwani, zote mbili hupulizwa kupitia ulimi wa matete mawili, tofauti ni urefu wa bomba na upole wa mdomo. Yule mpigaji wa Bratislava, ambaye jina lake halikuandikwa popote kwenye kava, aliupiga wimbo ule bila kuupamba. Hakuvuta noti ili aonekane ana huzuni. Alipumua pale mwimbaji angepumua. Karajan, kwa masikio yangu ya jioni ile, alikuwa ameufanya wimbo huo uwe mkubwa na wa fahari. Hawa waliuacha uwe wimbo wa mtu mmoja anayeimba. Na kuelekea mwisho wa Largo, pale fidla chache zinapobaki peke yake na wimbo unakatika katikati ya sentensi, unanyamaza, unaanza upya, unakatika tena, mwongozaji alikiacha kimya kikae mpaka kikatosha. Nje mtu alipita na baiskeli, kengele ikalia ndani ya kimya hicho, na hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka.

Sehemu ya tatu sitaisimulia. Ni nzuri, inakwenda mbio, kipembetatu kililia inavyotakiwa. Sehemu ya nne ndiyo yenye toazi. Mwalimu alitutahadharisha: katika simfonia nzima toazi linapigwa mara moja, wala si kwa nguvu. Mjomba alilinasa. Alinyoosha kidole saa ile ile, na Mwalimu akampigia makofi. Ikafika kodi ya mwisho, ile ya ala za upepo, ambayo Dvořák ameitaka ishikiliwe na kufifia mpaka iishe. Ikafifia, ikafifia, na Mjomba, aliyekuwa amesubiri kitu hicho jioni nzima, akasema kwa sauti ya chini: "Mvumo hakuna."

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Kisha akalichukua tena lile kasha, akalisoma mbele na nyuma, neno kwa neno, kwenye mwanga wa chemli.

"Hawa," akasema, "wamenyimwa heshima yao."

Neno hilo lilinikaa. Miaka iliyofuata, nilipopata njia ya kusoma, nilitafuta hawa ni akina nani na kwa nini kazi yao iliuzwa kwa bei ya kutupa, na nilichokikuta kilinipa hasira na furaha kwa pamoja. Naxos ilianzishwa 1987 na Klaus Heymann, Mjerumani mfanyabiashara aliyekuwa akiishi Hong Kong. CD wakati huo zilikuwa ghali, na kampuni kubwa zilikuwa zikiuza majina: jina la mwongozaji, jina la mpiga piano, picha yake akiwa amefumba macho. Heymann alikwenda kwa okestra za Ulaya Mashariki, za miji kama Bratislava na Budapest, zenye wanamuziki waliofunzwa sawasawa na wasiojulikana nje, akawalipa malipo ya mkupuo kwa kazi ya kurekodi, bila mgao wa mauzo ya baadaye, bila matangazo ya nyota. CD zake zikauzwa kwa kama theluthi ya bei ya zile kubwa. Kilichopunguzwa pale ni gharama ya jina. Kuhusu malipo yale ya mkupuo nina neno: sipendi kwamba yule mtu wa cor anglais hakupata kitu kila CD yake iliponunuliwa, wala kwamba hakuandikwa. Lakini upigaji wenyewe haukupunguzwa hata kidogo, na waliouita wa watu wasiojua walikuwa wakisikiliza bei.

Maana tazama ni nani waliokuwa wakipiga. Slovak Philharmonic iliundwa 1949, na miongoni mwa walioiweka sawa tangu mwanzo alikuwa Václav Talich, mwongozaji Mcheki aliyesoma konsevatori ya Prague siku ambazo Dvořák mwenyewe alikuwa akifundisha pale. Bratislava na nyumbani kwa Dvořák zilikuwa nchi moja, Chekoslovakia, mpaka ilipogawanyika 1993. Nyimbo za aina ile hawakuzipata kwenye karatasi kwanza. Zilikuwa mitaani kwao. Na aliyewaongoza, Gunzenhauser, ni Mmarekani aliyekuwa na okestra yake jimbo la Delaware, akarekodi nao simfonia zote 9 za Dvořák. Mmarekani kaenda Slovakia kupiga simfonia ambayo Mcheki aliiandika Marekani baada ya kuimbiwa na mjukuu wa mtumwa. Watu wote waliokuwa na haki na muziki ule walikuwamo ndani ya kasha lile lililopasuka.

Nimesikiliza nyingine nyingi tangu hapo. Ile ya István Kertész na Vienna Philharmonic ya 1961 ina sehemu ya nne inayowaka moto kuliko yetu, na nikimwelekeza mtu anayeanza nitamtajia hiyo pia. Lakini kwa Largo sijahama. Najua wako watakaosema ni mapenzi ya mtu na kitu alichokianzia. Nimejaribu kuyaondoa hayo mapenzi, nimeziweka rekodi mbili mbili kama Mjomba alivyotufundisha, spika moja, sauti sawa, na bado yule mpigaji asiye na jina anapumua pale mwimbaji angepumua.

Mwalimu alirudi kibandani asubuhi ya siku ya pili kabla hatujamaliza kufungua milango. Redio yake ilikuwa tayari, akailipia, lakini hakuondoka. Aliuliza yule kijana wa turubai anakaa wapi. Mjomba akaniruhusu nimpeleke. Tulitembea mpaka Mgandini, yeye na suruali yake iliyopigwa pasi na viatu vya kanisani, na tulipofika akakunja mikono ya shati, akapiga goti moja chini kando ya boksi, akaanza kupekua upande mmoja na mimi upande wa pili. Madereva wawili walisimama kutushangaa. Tulikuwa tukitafuta kava jeupe tu. Kijana alituuliza tunataka za kutundika au za gari, na Mwalimu akamjibu kwa adabu kwamba anataka za kusikiliza.

Tulizipata mbili. Moja ilikuwa ya Beethoven, na CD yake imo, na mikwaruzo michache ambayo nilijua lenzi safi itaivuka. Ya pili ilikuwa Dvořák, simfonia namba 8, okestra ile ile, mwongozaji yule yule, ila kasha lilikuwa tupu; CD yenyewe bila shaka ilikuwa inaning'inia kwenye shamba la mtu. Kijana akasema hilo tupu tuchukue bure. Mwalimu alikataa. Alitoa shilingi 1,000, akalipia zote mbili sawasawa, akavuta kile kijitabu cha maelezo kutoka kwenye kasha tupu na kuanza kukisoma pale pale, amesimama juani, huku kijana akihangaika kumtafutia mfuko.